Msiba Uliowatoa Bondeni

Ujiji,
Jumapili, 21 Aprili.

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Pazi,

Shikamoo Baba. Shikamoo ya pili ni ya wajukuu zako, ambao wamesimama hapa mlangoni kuhakikisha kwamba nimeiandika. Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Mpanda kwa Shangazi Wema, goti limepungua kuuma na usingizi unapatikana. Najua utasema goti halijambo hata kama jana umeshindwa kuinuka kwenye mkeka, kwa hiyo nitamuuliza Shangazi, si wewe.

Sisi huku ni wazima. Neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika, Baba, na ni la kweli. Ni wazima wote. Dereva wa basi atakayekupa barua hii atakupa pia kifurushi cha dagaa na chupa ya mawese. Dagaa ni wa kwangu mwenyewe, niliowaanika Kibirizi wiki mbili zilizopita kabla mvua haijachachamaa, na sikukuwekea hata mmoja aliyelowa. Kama macho yanakusumbua, mpe Shangazi akusomee, ila ukifika pale nitakapokuambia, chukua karatasi usome mwenyewe. Na kama tangu Alhamisi Shangazi amekuwa akikutazama sana, akikugusa bega bila sababu na kuficha uso kwenye kanga, usimgombeze. Mimi ndiye niliyempigia simu nikamwomba afunge mdomo mpaka barua hii ifike, na kumfunga mdomo Shangazi unajua ilivyo kazi.

Habari yenyewe ni ya mto. Luiche umekuja, Baba.

Ili habari hii itembee inabidi nikukumbushe jambo ambalo hupendi kukumbushwa, unisamehe. Mwaka juzi, Gervasi alipokupigia kutoka Kalinzi, huko juu milimani, kwamba maji pale darajani yamepita alama nyekundu kwenye ile nguzo ya kupimia, ulifanya kila linalotakiwa. Ulimwarifu mtendaji wa kata, ukapita bondeni na kipaza sauti mpaka sauti ikakukauka, ukawatoa watu wote kwenye vibanda vyao vya kulindia mpunga. Kisha maji yakapasua kingo huko juu, yakamwagikia kwenye matete, na bondeni hayakufika hata ya kunawia miguu. Watu waliporudi wakakuta mpunga wao ulioiva umeshavunwa na wezi. Nani wa kulaumiwa? Wezi hawakuonekana, wewe ulikuwa unaonekana. Hamdani wa bondeni akakupa lile jina la Mzee Yanakuja, watoto wakaliimba mpaka sokoni, na Bi Ashura, ambaye alipoteza mpunga wa msimu mzima, akaacha kupita mbele ya nyumba yetu. Ukavumilia mwezi. Halafu ukampa mpwa wako simu yako, ukanikabidhi daftari la maji, ukapanda basi. Pale kituoni uliniambia neno moja ambalo nimekuwa nikilala nalo tangu siku hiyo: "Lulu, hawa watu hata nikifa hawatakuja kunizika."

 Nilijifanya natafuta tiketi yako kwenye mkoba, na tiketi ulikuwa umeishika mkononi.

Basi nikaendelea na daftari. Kila asubuhi Gervasi anaacha kahawa yake, anateremka darajani, anasoma nguzo, ananipigia. Huanza na salamu yake ya Kiha, "Mwakeye" ndefu, anauliza habari zangu, za watoto, za dagaa, anauliza habari zako, ndipo ananipa kipimo, nami naandika chini ya mwandiko wako. Mimi na yule mzee hatujawahi kuonana uso kwa uso, lakini najua mpaka jina la mbuzi wake.

Alhamisi alipiga saa tano asubuhi na hakunisalimia. Hapo hapo nikavuta daftari. Alisema mvua imepiga milimani tangu alfajiri bila kupumua, maji yameshapita nyekundu, na sasa nguzo yenyewe haionekani. Akasema anaona miti mizima inapita. Nikamuuliza kama hayawezi kupasukia kwenye matete kama mwaka juzi. Akasema zile kingo zilizibwa kwa mawe na udongo, kwa hiyo safari hii maji hayana pengine pa kwenda ila kwenu. Wewe ndiwe uliyenifundisha hesabu: kutoka daraja la Gervasi mpaka bondeni ni saa sita, au sita na nusu mto ukiwa mzito. Nikaandika kwenye daftari: saa kumi na moja na nusu jioni.

Na huku kwetu, Baba, jua lilikuwa linawaka. Hata wingu la kuazima hakuna.

Nilimpigia Anatoli, mtendaji wetu mpya, kijana wa Kasulu mwenye adabu zake. Hakusita hata kidogo. Aliarifu wilayani, wakasema wanatuma watu na mahema, akachukua kipaza sauti akapanda bodaboda kuelekea bondeni. Mimi nikawapigia wenye mitumbwi ya injini kule Kibirizi, ambao kwa bahati ni watu wangu wa kila siku, nikawaomba wasitoke kuvua, wajaze mafuta, wakae tayari kuingilia mdomo wa mto. Hao walikubali. Mvuvi hana ubishi na maji.

Lakini bondeni Anatoli alichekwa. Alirudi saa nane amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, akakaa kwenye kizingiti chetu akanieleza. Mpunga umeiva, Baba, safari hii umeiva kuliko mwaka juzi, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Walimwonyesha jua kwa kidole. Walimuuliza kama naye analipwa na wezi. Bi Ashura alimpa maji ya kunywa kwa upole kabisa, akamwambia mwanangu, mimi nilishatoka mara moja, sitoki tena, nitakufa na mpunga wangu. Vibanda sabini na tatu, na katika kila kibanda kuna mtu, na katika vingi kuna mama na mtoto mgongoni. Anatoli alikuwa na orodha ya majina ya wenye vibanda wote. Aliishika magotini akaanza kulia, mwanamume mzima, akaniuliza sasa dada Lulu tunafanyaje.

Nilikasirika, Baba. Kwanza niliwakasirikia wao, halafu nikakukasirikia wewe kwa kuondoka, halafu nikajikasirikia mimi kwa kusimama pale nikikasirika wakati mto unatembea. Ndipo nikajiuliza ni kitu gani kinachomfanya mtu wa hapa aache shamba bila kuuliza swali. Jibu unalijua. Kwetu jembe halilimi msiba ukiwa mtaani. Awe Mwislamu awe Mkristo, tangazo likisikika mtu anaacha mpunga, anaacha nyavu, anaacha chungu jikoni. Hata mwizi siku hiyo hafanyi kazi. Na nyumba yetu iko juu ya mwinuko.

Nikajifunga kanga kichwani, nikaenda msikitini.

Muadhini Abdulmajid alikuwa anafagia baraza. Nikamwambia nimefiwa. Baba, mtu yule aliangusha ufagio. Hakuuliza zaidi ya maneno mawili matatu, macho yakamjaa, akaingia kwenye kipaza sauti akatangaza kwa sauti ile inayotetemeka ambayo mtu hawezi kuighushi, kwa sababu yeye hakujua kwamba anaghushi. Alitaja jina la marehemu, akasema msiba uko nyumbani kwa Lulu binti Pazi, mwinukoni, na kwamba mazishi ni huko huko safarini lakini watu wote wanaombwa wafike sasa kwa dua. Jina hilo nitakutajia mbele kidogo. Niache kwanza nikueleze walivyotoka.

Nilisimama uani nikitazama chini. Mwanzoni hakukuwa na kitu, na mimi nikasema moyoni basi, nimedanganya msikitini na bado watakufa. Kisha nikaona kanga moja kwenye tuta. Halafu tatu. Halafu tuta zima likawa linatembea, wanawake mbele na mizigo ya kuni kichwani, watoto migongoni, wanaume nyuma wamevaa kofia walizozitia mfukoni asubuhi bila kujua watafika wapi nazo. Wavuvi walitoka pwani. Akina mama wa kwaya walitoka kanisani. Aliyetangulia kufika kwetu ni Bi Ashura, na mikononi alikuwa na mchele, kwenye ungo, mchele mpya wa mpunga ule ule aliosema atakufa nao. Aliutua chini, akanikumbatia, akaanza kulia.

Wahenga wanasema kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Safari hii kilianza cha wa mbali, mimi mfiwa nikawa nimesimama mkavu kama kuni. Lakini Ashura alinibana sana, na nilipofikiria marehemu niliyemtaja nikaona uwezekano wake, siku moja, kweli. Nikalia, Baba. Hapo sikuwa naigiza.

Anatoli naye alikuja kuhani, maana hata yeye hakujua. Nikamwomba akae mlangoni na ile orodha yake atie alama kila jina linaloingia. Alinitazama kwa muda, akatazama bondeni, akanitazama tena.  Alikaa akatia alama, na watu wakadhani anaandika rambirambi.

Saa kumi na moja alikuja kuninong'oneza kwamba sabini na wawili wamefika na aliyebaki ni Hamdani. Nikawapigia Kibirizi hapo hapo, nikawaambia waingie. Mto ulifika saa kumi na moja na dakika arobaini. Dakika kumi tu nje ya hesabu yako. Ulitangulia mlio, kama lori linalopanda kilima, watu uani wakainuka mmoja mmoja wakaenda kwenye ukingo kutazama. Nilidhani nitaona maji. Niliona bonde linasogea. Vibanda viliondoka vyote kwa pamoja. Kibanda cha Ashura kilizunguka mara moja kikaingia chini, na yeye alikuwa amesimama karibu yangu, ameshika mkono wangu, akasema tu, polepole, kwamba mkeka wake wa kulalia ulikuwa mle ndani.

Hamdani walimkuta juu ya mchikichi, ameukumbatia kwa mikono na miguu, panga bado liko kiunoni. Mtumbwi ulimfikia jua likiwa halijazama. Walimleta kwetu amelowa, anatetemeka, akapewa shuka na uji. Anatoli akatia alama ya mwisho, akafunga orodha, akatoka nje peke yake kidogo.

Sasa Baba, kama Shangazi ndiye anayesoma, mnyang'anye karatasi. Hapa ndipo niliposema.

Marehemu alikuwa ni wewe.

Nilimwambia Abdulmajid kwamba Mzee Pazi amefariki Mpanda asubuhi. Nilikuua, Baba yangu, kwa mdomo huu huu uliokusalimia mwanzo wa barua. Kulikuwa na majina mengine ningeweza kuyataja, watu wakubwa kuliko wewe, wenye mali, na dakika ile nilipokuwa nimesimama mbele ya ufagio ulioanguka ni jina lako lililotoka. Nimejiuliza siku tatu kwa nini. Nadhani nilitaka kuwaokoa, na nadhani pia, Mungu anisamehe, nilitaka kuona kama ulisema kweli pale kituoni. Hata pale uani niliposhuku, hofu yangu ilikuwa mbili kwa pamoja: kwamba watakufa, na kwamba hawatakuja kwa ajili yako.

Walikuja, Baba. Wale waliokuimba sokoni walikuja mbio. Ashura alipokuwa amenibana alikuwa anasema maneno ambayo nimeyaficha mpaka hapa: "Pazi, umeondoka nikiwa nimekununia. Mpunga ni mpunga tu. Mbona hukunisubiri nikuombe radhi?" Aliyarudia mpaka sauti ikamwisha. Wazee wenzako wa barazani walikaa kwenye mkeka wako ule wa zamani, wakawa wanagombana nani kati yao alianza kukucheka, kila mmoja akidai ni yeye. Na Hamdani, unajua kwa nini hakuja? Watu waliompita walimsikia akisema kwamba Mzee Yanakuja ni mwongo, hata kufa kwake kutakuwa ni uongo. Katika bonde zima ni yeye peke yake aliyekuwa sahihi, na ndiye peke yake aliyepanda mchikichi.

Hamdani alipomaliza uji nilisimama katikati ya ua.  Niliwaambia yote bila kupamba: kwamba uko hai, unakula na kulalamika kwamba huko hakuna samaki kama migebuka, kwamba niliwadanganya wao na muadhini na msikiti, na kwamba wenye hasira wanipige hapo hapo wasingoje kesho.  Kisha Hamdani akasema, kutoka ndani ya shuka, "Si niliwaambia?" Mtu mmoja akacheka, halafu wakacheka wengi, na wengine walikuwa wanalia huku wanacheka wakitazama pale vibanda vyao vilipokuwa.

Ashura hakucheka. Nilijua yeye ndiye atakayeniumbua, maana alikuwa amemwaga machozi ya kweli kwa maiti ya uongo. Aliinuka akauchukua ungo wake wa mchele. Nikadhani anaondoka nao, na ungekuwa ni haki yake, kwa sababu ndio chakula pekee alichobaki nacho duniani. Akaingia nao ndani, akaumimina kwenye mtungi wako wa chumbani, akaufunika, akatoka akaniambia mchele huo ni wa Pazi, haupikwi mpaka aje aule mwenyewe. Tangu siku hiyo analala kwetu yeye na wajukuu wake wawili. Ninapika mchele wa msaada uliotoka wilayani, na wa mtungini hatuugusi.

Abdulmajid ndiye ninayemwonea uchungu. Nilimfuata kesho yake kabla ya sala ya Ijumaa nikapiga magoti. Aliendelea kufagia baraza mpaka nikatamani anitukane. Mwishoni alisema watu waliookoka anawaona kwa macho yake na anamshukuru Mungu, ila ile sauti yake aliilia nayo kweli, na hajui ataitumiaje tena siku msiba ukiwa wa kweli. Akasema mbele ya waumini atanisaidia kueleza, na alifanya hivyo. Lakini radhi, akasema, si yake kuitoa. Aliyetangaziwa kifo ndiye anayenidai, na akinisamehe kwa mdomo wake, si kwa barua wala kwa simu, hapo naye ataufunga ukurasa huo.

Kwa hiyo nakuomba radhi, Baba. Nakuomba nikiwa nimekaa chini, kama unavyotaka mtu aombe. Nimetumia kitu ambacho hakikuwa changu. Wanasema aliyezushiwa kifo huongezewa umri. Kama ni kweli nitafurahi, lakini sikuandikii hivyo ili unihurumie. Kipaza sauti chako mwaka juzi kiliwatoa wakakulaumu, cha Anatoli Alhamisi hawakukisikia kabisa. Jina lako lilipotajwa hawakuuliza hata jua linawaka wapi. Ukitaka kunikasirikia, njoo unikasirikie hapa, uani, mbele yao.

Basi linaondoka Mpanda siku za Jumanne na Ijumaa. Siti ya mbele ina nafasi ya goti, nimeshamuuliza dereva. Gervasi leo asubuhi aliteremka darajani. Nguzo imekwenda na maji, kwa hiyo amechora alama mpya kwenye jiwe, na ameniomba nikwambie kwamba anataka wewe ndiwe uje uikubali kama imekaa sawa, maana mimi, anasema, kwa hesabu nimejitahidi lakini bado. Hamdani naye anakusalimu. Amesema yeye atakuwa kituoni kabla ya mtu yeyote, kwa sababu mpaka akuone ukiteremka na miguu yako bado hana hakika ni uongo upi ulikuwa uongo.

Nisalimie Shangazi Wema, mwambie asante kwa kuvumilia. Wajukuu zako wanakusalimu, Anatoli anakusalimu, na baraza zima la wazee linakusalimu, wamekuachia nafasi yako kwenye mkeka na hakuna anayeikalia. Jioni Ashura amefunua mtungi kuangalia kama mchele haujaingia wadudu, akaufunika tena, akaniuliza kama barua nimeimaliza. Nimemwambia imebaki sahihi tu.

Ulisema hawatakuja kukuzika. Walikuja wote, Baba. Sasa njoo nyumbani, wakuone.

Ni mimi binti yako, anayesubiri hukumu yake,

Lulu